"Si wangezima tu otopailoti?" Hapana jamani

Nafundisha urubani na kila darasa jipya likiingia lazima mtu aniulize, hivi marubani wa ET302, ile Boeing 737 MAX ya Ethiopian Airlines iliyoanguka, si wangezima tu otopailoti ndege ikatulia? Swali hili linaniudhi kwa sababu wanaolaumiwa hawapo tena wajibu.

Kilichowasukuma chini ni MCAS, programu ya 737 MAX inayoshusha pua yenyewe ikidhani imeinuka mno, na haikuwa otopailoti. Ilikuwa inafanya kazi pale tu otopailoti IMEZIMWA na flapu (vibao vya nyuma ya bawa vya kurukia na kutulia) zimeingia, yaani rubani anairusha kwa mkono wake, sasa unamwambia azime nini? Tarehe 10 Machi 2019 wametoka Addis Ababa saa 2:38 asubuhi kwenda Nairobi, wameinuka tu sensa ya kushoto inayopima pembe ya bawa dhidi ya hewa ikaanza kusoma uongo, na MCAS ilikuwa inasikiliza sensa moja. Kapteni akawasha otopailoti, ikashika nusu dakika hivi ikajitoa yenyewe, na sekunde chache baadaye MCAS ikaanza kusukuma pua chini. Wakakata swichi za trimu ya umeme (inayogeuza bawa la mkia kuinua au kushusha pua, ndiyo MCAS inayoitumia), zilezile walizoelekezwa marubani wote baada ya 737 MAX ya Lion Air kuanguka na kuua watu 189 Oktoba 2018, ila spidi ilishapanda mno, hewa imekaba mkia, gurudumu la trimu ukilizungusha kwa mkono haliendi. Wakarudisha umeme na MCAS ikarudi nao. Dakika 6 tu toka waruke, watu 157 wamekufa, 32 kati yao Wakenya.

Ndiyo, injini zilibaki kwenye nguvu ya kupaa, na hilo nalikazia kwa wanafunzi wangu mpaka wanachoka: pua ikikusumbua, mkono mmoja usukani, mwingine kwenye nguvu ya injini, spidi isikukimbie. Lakini usukani ulikuwa unatetemeka na maonyo yanalia, usiseme ni uzembe. Kosa lilianzia kwa waliochora ndege. Leo MCAS inalinganisha sensa mbili, inasukuma mara moja tu, na rubani akivuta usukani anaishinda.

Kuna dhana nyingine nazisikia pia. Eti kompyuta ya ndege za Airbus haimsikilizi rubani. Inamwekea mipaka data zikiwa nzima, zikiharibika inamwachia. Airbus ya Air France 447, Juni 2009, mirija ya kupimia spidi iliziba kwa barafu, otopailoti ikajitoa, ulinzi wa stoli (bawa kushindwa kuibeba ndege) ukaondoka, rubani akavuta pua juu mpaka ndege ikastoli ikaanguka baharini, watu 228.

Eti ukitamka tu amri ya kuwasha otopailoti, imeshashika. Soma skrini! Douala, Mei 2007, Kenya Airways 507, kapteni aliitamka amri hiyo usiku ule, haikushika, ndege ikaendelea kulalia kulia taratibu bila wao kujua, watu 114.

Na eti kwenye dharura mnara wa kuongoza ndege ndio unaamua. Kanuni za ICAO, shirika la UN la usafiri wa anga, zinampa kapteni neno la mwisho. Januari 2009 New York, injini zote mbili zimekufa kwa ndege wa angani, kapteni Sullenberger akapewa viwanja viwili vya kutua akavikataa akashuka mto Hudson, watu 155 wote wakatoka hai, na kompyuta za ndege yake, Airbus A320, zilimsaidia mpaka majini kwa sababu aliwahi kuwasha APU, injini ndogo ya mkiani inayotoa umeme.