Kabla Hujanunua Eneo la Wazi, Fika Ofisi ya Mipangomiji

Malalamiko kuhusu uvamizi wa viwanja vya michezo na bustani za mitaa ya Dar es Salaam yameongezeka, na mengi yanatufikia wakati jengo limeshafika kwenye lenta. Kwetu maafisa mipangomiji hapo ni kuchelewa. Uvamizi huanza mapema zaidi, na majirani huuona: linamwagwa lori moja la kokoto pembeni mwa uwanja, kinafuata kibanda cha mabati na mlinzi, magoli ya miti yanang'olewa, kisha msingi unachimbwa mwisho wa wiki ofisi zikiwa zimefungwa. Anayeuliza anaonyeshwa karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa.

Muhuri huo haumpi mtu ardhi. Mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kuuza, kugawa wala kukodisha eneo la wazi, yaani lililotengwa kwa matumizi ya umma, na aliyenunua kwa nia njema naye atapoteza fedha zake. Tunalisema hili kila mara, na bado watu wanalipa mamilioni bila kuomba kuona mchoro wa mipangomiji, yaani ramani inayoonyesha matumizi ya kila kipande cha ardhi, ambao upo halmashauri.

Wengi hudhani eneo lisilojengwa halina matumizi. Kwenye mchoro lina matumizi yake kama ilivyo kwa shule au zahanati, na yanalindwa na Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007. Kujaa vumbi au taka hakubadili chochote. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, maeneo yaliyopimwa katika mradi wa viwanja wa miaka ya 1970, yaliachiwa nafasi za watoto kucheza katikati ya makazi. Baadhi ya nafasi hizo leo ni fremu za maduka, gereji na baa. Wakati huohuo sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam, na ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watoto wa hao milioni moja walioongezeka nao wanahitaji pa kuchezea.

Lipo pia dai la miaka 12. "Nimekaa hapa zaidi ya miaka 12, sheria inanilinda." Hapana. Miaka hiyo ni ukomo wa muda wa kufungua madai ya ardhi kati ya mtu na mtu. Kwenye eneo la umma haukusaidii, na tunaomba wanaowashauri wananchi vinginevyo waache.

Kubadili matumizi ya ardhi kuna utaratibu. Mwombaji huwasilisha maombi halmashauri akiambatisha hati ya umiliki, hulipia ada, hutangaza kusudio lake gazetini na kwa bango kwenye eneo lenyewe ili wanaopinga wajitokeze, maombi hupitiwa na wataalamu, huingia kwenye kamati ya halmashauri inayohusika na mipangomiji, kisha hupelekwa wizarani. Mtu binafsi hawezi hata kuanza safari hiyo kwa eneo la wazi, kwa sababu hana hati yake. Akijenga, hupewa ilani ya kusimamisha ujenzi, kisha ilani ya kuondoa jengo. Asipotii ndani ya muda ulioandikwa, halmashauri hubomoa na kumdai gharama za kubomoa. Hatua hizo haziondoi uwezekano wa kufikishwa mahakamani, na fidia hakuna.

Kulinda peke yake hakutoshi. Eneo linalotumika kila siku ni gumu kuvamiwa. Uwanja wa vijana wa Kidongo Chekundu una watu muda wote, na hakuna anayethubutu kumwaga kokoto pale. Uwanja wa mtaa hauhitaji gharama kubwa. Uwe mahali mtoto anapofika kwa miguu bila kuvuka barabara kuu. Miti ya kivuli ipandwe kabla ya kufikiria mabenchi, kwa maana jua la Februari halikaliki. Maji ya mvua yapewe njia. Taa na choo ni vya lazima, la sivyo wanawake na wasichana hawatakwenda jioni. Mabondeni, ambako nyumba hazifai, bustani zinafaa. Mafuriko ya Desemba 2011 yalituonyesha nini kinatokea watu wakilala katika Bonde la Msimbazi, na ndiyo maana mradi wa kuliendeleza bonde hilo una bustani kubwa ya jiji ndani yake.

Kazi ngumu iko kwenye mitaa inayorasimishwa, yaani iliyojengwa bila mpango na sasa inachorewa ramani na kupimwa. Kwenye mikutano wananchi hukubali kumegewa ardhi kwa ajili ya barabara, maana gari litafika mlangoni. Ikitajwa nafasi ya uwanja, kila mmoja anasema itoke kwa jirani. Mchoro ukishaidhinishwa bila uwanja, kuupata baadaye kunamaanisha kununua nyumba za watu na kuzivunja, na halmashauri haina fedha hizo. Tunawaomba mkubaliane mapema, hata kama ni viwanja viwili tu vya makazi vilivyoungana.

Ukiona kokoto kwenye uwanja wa mtaa wako, usisubiri msingi. Andika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri yako, iwe ya Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni, na nakala kwa mtendaji wa mtaa. Taja mtaa, namba ya kitalu kama unaifahamu na tarehe uliyoona shughuli ikianza, ambatisha picha, na udai nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.