Umechimba ukakuta kile hakikuandikwa kwenye devi: nani analipa?

Hapa Goma kila mutu anajua chini iko jiwe, lakini devi mingi (karatasi za hesabu ya bei) zinaandikwa kama vile tunajenga kwa shamba ya maharagi. Kwa biro yetu ya ushauri wa kontra, kesi inaingia mara mingi kuliko zote njo hii: antreprenere amechukua kazi kwa bei moja ya jumla, anachimba metre moja, anakuta kitu hakuna mutu alikifikiria, anaomba aongezewe pesa, mwenye parseli anakataa, shimo inabaki wazi na mvua inaingia ndani. Na wote wawili wako na haki kidogo kidogo, njo maana maneno haiishe haraka.

Kwanza tusikilizane juu ya kitu gani kinaitwa "haikutarajiwa". Haiko kila kitu kinakushangaza wewe. Kontra za FIDIC (shirikisho ya kimataifa ya ma-enjenyere washauri), zile utakuta kwa miradi mingi mikubwa yenye pesa ya Banki ya Dunia, ziko na kipimo chake kwenye kifungu 4.12: je, antreprenere mwenye uzoefu angeweza kukiona mbele ya kutoa bei yake? Kama angeweza, ni mzigo wake. Sasa pima na hiyo kipimo hapa kwetu. Volkano ya Nyiragongo ililipuka 1977, ikalipuka tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 na lava ikapita katikati ya muji, ikafunika sehemu ya piste ya uwanja wa ndege, ikaenda mpaka kwa ziwa, halafu tena tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Mutu achukue kazi kwa kartie ya Birere halafu aseme hakujua iko lava, huyo hata mimi siwezi kumuandikia barua. Mvua nayo ni vile vile, 4.12 inaondoa hali ya hewa kabisa, kwa hiyo usiniambie mvua ya mwezi wa kumi na moja ilikuja gafula.

Lakini lava haiko kitu kimoja, na hapa njo maneno inakuwa tamu. Tuchukue shimo ya fosi septiki (ya kupokea maji chafu ya choo), metre 2 kwa 3, urefu wa kushuka metre 3, yaani metre kibu 18. Juu unakuta jiwe kavu, vijana wanapiga na nyundo kubwa na mutalimbo, nusu metre inaweza kula siku nzima. Chini yake inakuja majiwe madogo yenye matundu, yanaporomoka yenyewe, unafurahi. Halafu mutalimbo unaingia wote mara moja na mukono unabaki bila kitu: kuna pango chini, ao njia lava ilipitia zamani ikabaki tupu. Kwa fasi lava ya 2002 ilipita juu ya nyumba, watu wamejenga tena juu yake, kwa hiyo unaweza kukuta hata kuta na mabati ya nyumba ya kwanza. Jiwe ulipashwa kulijua. Pango lenye upana wa chumba, chini ya parseli ambayo kwa macho ni sawa na ya jirani, hiyo tunaweza kuizungumuzia.

Wamarekani kwa kontra za serikali yao wanagawa hii maneno mara mbili, na naona inasaidia kufikiri. Aina ya kwanza, karatasi za kontra zilisema kitu fulani (kwa mufano mwenye kazi alitoa ripoti ya udongo inayosema jiwe linaanza metre 2) na chini ikaonekana tofauti kabisa. Aina ya pili, karatasi hazikusema kitu lakini kile umekuta si cha kawaida kwa kazi ya namna hiyo. Sababu yao ya kukubali kulipa haiko huruma, ni hesabu. Antreprenere akijua atabeba hatari yote peke yake, anaongeza pesa ya woga kwa bei, na mwenye kazi anailipa hata kama hakuna pango lolote. Mimi nakubaliana nao, ni afazali ulipe kile kimekutwa kuliko kulipa woga.

Sheria yetu haiko laini. Kodi sivile (kitabu cha sheria za raia) livre ya tatu, ile ya tangu 1888, kwa artikle 33 inasema masikilizano iliyofanywa vizuri ni sheria kwa wale waliyoifanya, na wanapashwa kuitimiza kwa nia nzuri. Na aliyechukua jengo kwa forfe (bei moja ya jumla), na plani ambayo walikubaliana na mwenye udongo, hawezi kuomba aongezewe juu kazi imekuwa nguvu ao simenti imepanda, kama mabadiliko haikuandikwa na bei yake haikukubaliwa. Mafundi wengi wanatia sinyatire kwa forfe bila kujua wamefunga mulango na funguo iko upande wa ingine.

Dawa yake ni rahisi na watu wanaikwepa: musiandike bei moja kwa uchimbaji. Mujengo unaweza kubaki forfe kutoka fondasio kwenda juu, lakini chini ya ardhi andikeni bei ya metre kibu ya udongo, bei ya metre kibu ya jiwe, na bei ya siku ya kusimama. Turudi kwa shimo yetu ya metre kibu 18. Tuseme udongo ni dola 10 na jiwe ni dola 45, ni mufano tu. Ukiandika yote udongo inakuwa dola 180. Ikitokea 6 ni udongo na 12 ni jiwe, inakuwa 60 na 540, yaani 600. Hizo dola 420 za katikati njo zinavunja urafiki. Na mukiwa na bei mbili, hakuna wa kugombana naye, munapima tu, na mwenye kazi naye anafurahi siku jiwe halikuonekana.

Sasa umekuta. Simama fasi hiyo, usiiguse. Hii njo kosa kubwa la ma-ekipe yetu: wanaona pango, wanalijaza majiwe haraka haraka ili kazi iendelee, halafu wanakuja kuomba pesa ya kitu hakionekani tena. Piga foto na metre ikiwa imewekwa ndani, tarehe ionekane, chukua vipimo mbele ya mutu wa mwenye kazi, na wote mutie sinyatire kwa kaye ya shantie (daftari ya fasi ya kazi). Barua itoke siku hiyo hiyo, hata kwa WhatsApp kwanza, lakini ya karatasi ifuate na irudishwe na alama ya kupokelewa. FIDIC inapana siku 28 tangu ulijua ao ulipashwa kujua, ukizipitisha unaweza kupoteza haki yako yote hata kama pango ni kubwa kama kanisa. Na usikimbie shantie, endelea na kazi za upande mwingine wakati munangoja jibu. Kwa 4.12 unapata muda na garama, faida hapana.

Kuna kitu kimoja kwetu hakingoje barua: mazuku. Kwa fasi za chini karibu na ziwa na upande wa Mugunga, gazi karbonike inatoka ardhini, ni nzito kuliko hewa, haina harufu, inalala ndani ya shimo. Kijana akianguka ndani, mwenzake asishuke kumutosha bila vifaa vya kupumulia, juu watakuwa wawili. Mushumaa hautoshi kwa kupima, tafuteni kipimo cha gazi, na garama yake iandikwe kwa devi tangu mwanzo, juu hapa haiko kitu cha kushangaza tena.

Bukavu maneno inabadilika: mulima, udongo mwekundu wenye kuteleza, na parseli zilizojazwa udongo wa kutoka kwingine, unachimba metre 2 bado unakuta takataka. Lubumbashi angalieni fasi ambapo kichuguu kikubwa kilisawazishwa. Juu inaonekana tambarare kabisa, chini udongo haushike sawa, na nyumba inapasuka upande mmoja.

Kontra za huduma nazo ziko ndani. Mwenye forage (kutoboa kisima cha maji) akubaliane bei ya metre kwa kila aina ya udongo, na nani anabeba kama maji hayapatikane. Mwenye kutosha taka za vyoo aandike itakuwaje akifungua na kukuta majiwe. Na mwenye kazi akipokea barua ajibu: akinyamaza wiki nzima, mashini imesimama na wafanyakazi wako wanangoja, ile bei ya siku ya kusimama inahesabiwa kwake.