Earl wa Arundel na marumaru zake: yanayosemwa na yaliyokuwa

Kila zinapotajwa habari za makabaila wa Uingereza waliokusanya vitu vya kale, jina la Thomas Howard (1585–1646), Earl (cheo cha ukabaila) wa Arundel, haliko mbali. Mengi yanayosimuliwa juu yake ni nusu kweli.

Dhana: Alizaliwa tajiri, akawa anatapanya mali ya urithi.
Baba yake alinyang'anywa cheo na mali, akafia kifungoni katika Mnara wa London mwaka 1595. Mtoto alirudishiwa cheo mwaka 1604, mashamba si yote. Pesa hasa ziliingia kwa ndoa: mwaka 1606 alimwoa Alethea Talbot, binti wa Earl wa Shrewsbury. Bibi huyo naye alikuwa mkusanyaji hodari, ingawa masimulizi humweka nyuma ya mumewe. Madeni hayakuwatoka hata hivyo.

Dhana: Alizunguka Ugiriki mwenyewe akichimbua mawe ya kale.
Ugiriki hakukanyaga. Alichimba kidogo Roma katika safari yake ya Italia ya 1613–14, basi. Kazi ya visiwani na pwani ya Uturuki ilifanywa na padri wake, William Petty. Petty akitoka kisiwa cha Samos, chombo chake kilizama katika dhoruba. Vibali vilikwenda na maji, na mgeni asiye na karatasi alionekana jasusi, akatiwa ndani. Waturuki waliomjua walimtolea ushahidi, akaachiwa, naye akarudi moja kwa moja kuyaopoa mawe yake baharini.

Dhana: Kitu cha kale kikishaingia nyumba ya tajiri, kimepona.
Hili ndilo lenye madhara kuliko yote. Chukua Jiwe la Paros: bamba la marumaru lenye orodha ya matukio ya Kigiriki, kuanzia wafalme wa kale wa Athens mpaka mwaka 264 KK. Lilinunuliwa Smyrna (leo Izmir, Uturuki), likafika London mwaka 1627. Mwanasheria John Selden, akisaidiwa na Patrick Young na Richard James, aliyasoma maandishi yake na kuyachapisha kitabuni mwaka 1628. Haraka hiyo iliokoa mengi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza vilipozuka, Arundel akiwa ng'ambo, sehemu ya juu ya jiwe ilipotea nyumbani kwake. Inasimuliwa kwamba ilitumika kukarabati meko ya nyumba ileile. Leo mistari 45 ya mwanzo tunaijua kupitia kitabu cha Selden tu. Palipo na herufi inayotiliwa shaka, hakuna jiwe la kurudia na kulinganisha.

Dhana: Mfadhili wa sanaa ni mfuko wa pesa tu.
Italia alikwenda na mbunifu majengo Inigo Jones, na Jones alirudi na ujuzi uliobadili ujenzi wa Uingereza. Mwaka 1636, Arundel akiwa balozi njiani kwenda kwa Kaisari wa Dola Takatifu la Kiroma, alimchukua mchoraji Wenceslaus Hollar kutoka Cologne, Ujerumani. Hollar alipaka bamba la shaba nta, akachora kwa sindano, kisha tindikali ikala palipokwaruzwa. Hapo picha huweza kuchapwa mara nyingi. Kwa njia hiyo alinakili kazi nyingi za mkusanyo ule, na baadhi ya zilizopotea zinajulikana kwa nakala zake.

Dhana: Macho yake yaliishia Ugiriki na Roma.
Katika picha ya mchoraji Van Dyck ya mnamo 1639, yeye na Alethea wamekaa kando ya tufe la dunia, kidole kikielekea Madagaska, ile Bukini ya wazee wa pwani yetu. Alitaka kuanzisha koloni huko. Safari haikufanyika.

Dhana: Mkusanyo upo wote, Oxford.
Ulitawanyika. Mawe yenye maandishi yalitolewa kwa Chuo Kikuu cha Oxford na mjukuu wake mwaka 1667, kwa ushawishi wa mwandishi John Evelyn aliyeyakuta yametupwatupwa bustanini. Chuo kikayapachika kwenye ukuta wa nje, mvuani, na wapita njia wakaanza kuyakwaruza. Evelyn akashauri chini ya ukuta upandwe ua wa majani yenye miiba.