Siku za nuhusi nchini Ireland: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Dhana: Siku ya nuhusi kwa Waayalandi ni Ijumaa ya tarehe 13.

Ukweli: Hofu ya tarehe hiyo imeenea katika nchi nyingi za Magharibi, lakini wazee wa vijijini Ireland walikuwa na siku yao, Lá Crosta na Bliana, yaani siku ya kisirani ya mwaka. Ni tarehe 28 Desemba, ambapo Wakristo huwakumbuka watoto wa Bethlehemu waliouawa kwa amri ya Herode. Siku ya juma ambayo tarehe hiyo iliiangukia ilibeba nuhusi mwaka mzima uliofuata: ikiwa ni Jumanne, mtu hakuanza kulima, kujenga wala kufunga ndoa Jumanne yoyote hadi mwaka ulipokwisha. Nuhusi yao, kwa hiyo, ilihama mwaka hadi mwaka, jambo ambalo orodha nyingi za siku mbaya hulisahau.

Dhana: Siku mbaya ni mbaya kwa kila jambo.

Ukweli: Katazo lilihusu kazi maalumu, na mara nyingi lilihusu kuianza tu. Sehemu nyingi hazikukubali kaburi jipya lifunguliwe Jumatatu. Mazishi yakilazimu, watu walikwenda Jumapili wakakata bonge moja la udongo wenye nyasi, ili kazi ya Jumatatu iwe ni kuendeleza. Ijumaa Kuu hakuna aliyepigilia msumari, ila mkulima alipanda mbegu chache apate baraka. Tarehe 1 Mei, maziwa na moto havikutolewa nje ya nyumba, kwa kuhofia kwamba neema ya siagi ya mwaka ingeondoka navyo.

Dhana: Haya yote ni mabaki ya upagani.

Ukweli: Sikukuu ya Mei ni ya kale kuliko Ukristo wa huko, lakini mengine yametoka kanisani moja kwa moja. Hata Aoine, jina la Ijumaa kwa Kiayalandi, linatokana na neno la Kilatini la kufunga, yaani kutokula. Tarehe 11 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Martin, askofu wa kale, gurudumu halikuzungushwa, si la kusokotea sufu wala la kusagia nafaka, kwa kuwa wenyeji walisimulia kwamba aliuawa ndani ya kinu cha kusagia nafaka. Historia inasema alikufa kifo cha kawaida mwaka 397, akiwa mzee, huko Ufaransa. Hata hivyo magurudumu yalisimama.