Je, Wajua? Kwa Nini V/H/S/2 Iliwashika Watazamaji Kuliko Ile ya Kwanza

Katika filamu nyingi za kutisha hufika wakati mtazamaji akaacha kuogopa, akaanza kumgombeza mhusika. Kwenye filamu za mkanda uliookotwa, yaani zile zinazojifanya kwamba picha zote zilirekodiwa na wahusika wenyewe na zikapatikana baada ya maafa, ugomvi huo huwa ni mmoja tu: "Tupa hiyo kamera, kimbia!" Jini yuko nyuma yake, mwenzake ameshararuliwa, naye bado ameshikilia kamera kwa mikono miwili, tena ameilenga sawasawa. Mtazamaji akishaliona hilo, hofu inamtoka.

V/H/S/2, filamu ya Marekani ya mwaka 2013, ni mojawapo ya filamu chache zilizousikia ugomvi huo na kuujibu. Ndiyo maana ilipokewa vizuri kuliko iliyoitangulia, jambo ambalo ni nadra sana kwa sehemu ya pili ya filamu ya kutisha.

Tuanze na ile ya kwanza. V/H/S ilionyeshwa Januari 2012 kwenye tamasha la Sundance, jimboni Utah. Ni filamu moja iliyobeba visa kadhaa: genge la vijana wahuni linatumwa kuiba mkanda wa video kwenye nyumba ya mtu, na kila mkanda wanaoutia kwenye deki ni kisa kinachojitegemea, chenye mwongozaji wake. Zilienea habari za mtazamaji aliyezidiwa ukumbini hadi akahitaji kuhudumiwa, na habari za namna hiyo huiuza filamu kuliko bango lolote. Lakini mapokezi yenyewe yaligawanyika. Ilikuwa ndefu, dakika 116. Wengi walichoshwa na wanaume wake, ambao karibu wote ni wakorofi na wanawadhalilisha wanawake, kiasi kwamba mtu anashindwa kuwahurumia wanapouawa. Na lile swali la kamera lilibaki likining'inia katika visa kadhaa.

Mwaka mmoja tu baadaye, Januari 2013, ya pili ilifika Sundance ikiitwa S-VHS, na ilipotoka rasmi ikawa V/H/S/2. Dakika zilishuka hadi 96. Kwenye tovuti ya Rotten Tomatoes, inayokusanya maoni ya wahakiki, ya kwanza iliishia asilimia hamsini na kitu, ya pili ikakaribia sabini.

Jibu linalotolewa kwa haraka ni kwamba waliongeza damu na vurugu. Ni kweli vipo vingi. Lakini ile ya kwanza nayo haikupungukiwa damu. Kwangu mimi, jibu liko pale kamera ilipowekwa.

Angalia visa ambavyo watu walivisifu zaidi katika filamu ya kwanza. Kimoja ni "Amateur Night" cha David Bruckner, ambamo kijana amevaa miwani yenye kamera iliyofichwa. Kingine ni "10/31/98", ambamo mmoja wa marafiki wanaokwenda kwenye sherehe ya Halloween amevaa vazi la dubu lenye kamera ndani yake. Hakuna hata mmoja kati ya wawili hao anayeshika kamera mkononi. Haiwezekani kumwambia aitupe, kwa sababu ameivaa. Kisa cha miwani kilipendwa hadi mwaka 2016 kikazaa filamu yake kamili, SiREN. Waliotengeneza sehemu ya pili ni kama waliisoma ishara hiyo, wakaigeuza kuwa kanuni.

Kisa cha kwanza ndani ya V/H/S/2, "Phase I Clinical Trials", kinahusu mtu aliyepoteza jicho na kuwekewa la bandia lenye kamera. Mwongozaji Adam Wingard ndiye anayemwigiza mgonjwa huyo. Daktari anamwambia kwamba kila atakachokiona kitarekodiwa kwa ajili ya utafiti. Akirudi nyumbani anaanza kuona watu ambao hawapaswi kuwepo. Si kisa kikali kuliko vingine, lakini kimepangwa kwa akili sana: kamera hii haizimiki. Njia pekee ya kuacha kurekodi ni kuling'oa jicho, na mtazamaji analijua hilo mapema, kwa hiyo anakaa akiomba lisitokee.

Kinachofuata, "A Ride in the Park", ndicho ninachokipenda mimi. Mwanamume anaendesha baiskeli msituni akiwa na kamera juu ya helmeti, kama wafanyavyo wapanda baiskeli wengi wanaopenda kurekodi safari zao. Anakutana na mwanamke anayevuja damu, anang'atwa, anakufa, kisha anaamka akiwa zombi. Kamera bado iko kichwani. Hapo ndipo watazamaji walipocheka kwa mshangao, kwa sababu maelfu ya filamu zimetuonyesha mazombi wakija, na hii inatuonyesha mikono yetu wenyewe ikinyooshwa mbele kutafuta nyama. Tunavamia sherehe ya siku ya kuzaliwa ya mtoto pamoja na mnyama huyu. Kisha simu mfukoni mwake inampigia mpenzi wake kwa bahati mbaya, sauti ya yule dada inasikika, na kwa muda mfupi yule mtu anarudi ndani ya mwili ule. Anachofanya baada ya hapo sitakitaja, lakini kicheko cha mwanzo hugeuka majonzi, yote ndani ya dakika chache.

Walioongoza kisa hicho ni Eduardo Sánchez na Gregg Hale. Sánchez ndiye aliyeongoza The Blair Witch Project ya mwaka 1999 pamoja na Daniel Myrick, na Hale alikuwa mtayarishaji wake. Filamu ile, iliyopigwa kwa makumi machache tu ya maelfu ya dola na kuingiza takriban milioni 248 duniani kote, ilifanya watu wengi waamini kwamba wanafunzi watatu kweli wamepotelea msituni. Hata hivyo nayo ilisumbuliwa na swali lile lile, hadi wahusika wenyewe wakabidi waligombanie ndani ya filamu: kwa nini msichana aliye kati yao haachi kurekodi? Jibu lililotolewa lilikuwa la kisaikolojia, kwamba ukitazama kupitia kamera hali halisi inakuwa mbali nawe kidogo. Lilikuwa jibu zuri. Lakini miaka 14 baadaye, mwongozaji yule yule hakuhitaji jibu la maneno. Maiti haiwezi kuulizwa kwa nini haizimi kamera.

Oren Peli naye aliligusa jambo hili katika Paranormal Activity, iliyogharimu takriban dola 15,000: aliiweka kamera juu ya stendi chumbani, wahusika wakalala, ikaendelea kutazama peke yake. Kionjo cha filamu hiyo kilionyesha watazamaji wenyewe gizani ukumbini, wakiruka na kushikana. Walikuwa wakiogopa kona tulivu ya chumba. Hakuna mtu wa kumlaumu kwa kushika kamera, basi akili yote inabaki kwenye mlango.

Tuje kwenye kisa ambacho karibu kila aliyeitazama V/H/S/2 hukitaja kwanza: "Safe Haven". Kiliongozwa na Gareth Evans, Mwelisi aliyekuwa ametoka kujipatia jina kwa filamu ya mapigano ya The Raid huko Indonesia, pamoja na Timo Tjahjanto wa Indonesia. Kikundi cha waandishi wa habari kinapata ruhusa kuingia makao ya dhehebu la siri ili kumhoji kiongozi wake, anayeitwa Baba na waumini. Wana kamera zao za kawaida, wana kamera za siri kwenye vifungo vya mashati, na makao yenyewe yana kamera za ulinzi ukutani. Waongozaji wanaruka kutoka kamera moja hadi nyingine bila kuvunja sheria ya mchezo. Mwandishi akikimbia kuokoa maisha, kifungo cha shati kinaendelea kurekodi.

Lakini ufundi peke yake hauelezi kwa nini kisa hiki kiliwaingia watu hivyo. Nusu yake ya kwanza haina pepo wala damu. Kuna mahojiano. Baba, aliyeigizwa na Epy Kusnandar, anazungumza kwa upole, anatabasamu, na kila jibu lake linakufanya utamani kutoka nje. Kuna watoto wa shule waliopangwa vizuri. Halafu sauti ya Baba inasikika kwenye vipaza sauti vya jengo zima ikitangaza kwamba saa imefika, na waumini wanaanza kujiua kwa utiifu. Mtu yeyote anayekumbuka Jonestown kule Guyana, ambako watu zaidi ya 900 walikufa Novemba 1978, anajua kwamba sehemu hiyo haikubuniwa kutoka hewani. Na kwetu sisi, tangu mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, kutazama mahojiano yale na Baba ni jambo zito kuliko waongozaji walivyoweza kukusudia. Pepo anapotokea mwishoni, mimi nahisi nafuu kidogo. Pepo ni wa filamu. Yule mzee mpole si wa filamu.

Ule mpangilio wa visa vingi ndani ya filamu moja nao ulisaidia. Kisa kifupi hakikupi nafasi ya kukaa na kuhojihoji. Kinakupiga na kuondoka. Halafu kinakupa la kuzungumza, maana kila anayetoka ukumbini ana orodha yake ya kipi kilishinda na kipi kilishindwa, na kwa V/H/S/2 mabishano huwa ni juu ya nafasi ya pili, kwani ya kwanza wengi wameshaiweka kwa "Safe Haven".

Ubishi mkubwa huhusu kisa cha mwisho, "Slumber Party Alien Abduction" cha Jason Eisener. Hapa kamera imefungwa kwenye mbwa mdogo wa nyumbani. Watoto wanabaki peke yao, viumbe kutoka anga za mbali wanavamia, na sisi tunaona yote kutoka kimo cha mbwa, tukikimbizwa kati ya miguu, mataa yakiwaka na kuzima, kelele zikipasua masikio. Wapo waliokipenda sana, na kisa hicho nacho kikazaa filamu kamili, Kids vs. Aliens. Wapo waliofumba macho kwa kizunguzungu.

Hawa wa kizunguzungu wasidharauliwe, maana miili yao haikuwa ikitia chumvi. Ndani ya sikio kuna mirija midogo yenye majimaji inayoiarifu akili kila kichwa kinapogeuka. Ukiwa umekaa kwenye kiti, masikio yanasema umetulia. Macho yanayotazama skrini inayotikisika yanasema unakimbia. Taarifa hizo zikipingana, matokeo huwa kichefuchefu, sawa na cha mtu anayesoma kitabu ndani ya basi. Watu walitapika mwaka 1999 wakiitazama The Blair Witch Project, na mwaka 2008 baadhi ya kumbi za Marekani zilibandika matangazo ya tahadhari kabla ya kuonyesha Cloverfield. Kamera ya helmeti ina nafuu: lenzi yake ni pana, na upana huo hufanya mtikisiko uonekane mdogo. Mbwa hana nafuu hiyo. Kuzimia ni jambo jingine kabisa. Kwa baadhi ya watu, kuona damu au kidonda hufanya mapigo ya moyo yapungue na mishipa itanuke kwa ghafla, damu ikapungua kichwani, mtu akaanguka. Hata mtu jasiri linaweza kumpata.

Sehemu iliyoachwa nyuma ni ile inayoviunganisha visa vyote, "Tape 49" ya Simon Barrett, ambamo wapelelezi wawili wanaomtafuta mwanafunzi aliyepotea wanakuta televisheni na marundo ya mikanda. Hapa watazamaji walirudi na swali ambalo filamu haikulijibu vya kutosha: picha za jicho la bandia na za mbwa zilihamishwaje hadi kwenye kaseti ya VHS, ule mkanda wa video wa zamani, na nani alifanya kazi hiyo? Ukishasema kamera ina sababu ya kuwepo pale ilipo, mtazamaji ana haki ya kudai sababu ya kila kitu kingine.

V/H/S: Viral, ya mwaka 2014, ilionyesha hatari ya kulisahau hilo. Kisa chake cha mwanamazingaombwe kimepigwa kama kipindi cha televisheni, lakini ndani yake zimo picha ambazo hakuna mtu wala kamera yoyote katika kisa ingeweza kuzipiga. Mapokezi yalikuwa mabaya, na mfululizo ukanyamaza kwa miaka saba. Uliporudi mwaka 2021 na V/H/S/94, mmoja wa walioitwa kuongoza kisa alikuwa Timo Tjahjanto wa "Safe Haven". Safari hii alileta daktari mwendawazimu anayeunganisha binadamu na mashine, na sehemu kubwa ya kisa hicho tunaiona kupitia macho ya mmoja wa wahanga wake, aliyefungwa kamera pale kichwa chake kilipokuwa.