Botch, cobble, shoddy: yalikotoka maneno ya Kiingereza ya kulaumu kazi mbovu

Ukifungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili kutafuta "bungle", mara nyingi utapata "boronga". Tafuta "botch": boronga tena. Nenda kwenye "bodge" au "muff", kama yamo, na huko pia utakutana na boronga au jamaa yake wa karibu. Mwanafunzi anafunga kamusi akiamini kuwa Waingereza wana majina mengi tu ya jambo moja. Sisi tunaoshughulika na kamusi na istilahi tunaulizwa swali hili mara kwa mara na walimu, wafasiri wa habari na makatibu wa ofisi: tofauti iko wapi? Ipo, na ni ya kihistoria. Baadhi ya maneno haya yalianza kwa kumdharau mtu kwa sababu ya kazi anayoifanya, kabla hata ya kutazama kama kaifanya vizuri au vibaya.

Tuanze na "botch". Miongoni mwa mahali pa kale kabisa linapoonekana ni Biblia ya Kiingereza iliyotafsiriwa na wafuasi wa John Wycliffe, karibu mwaka 1382, kwenye kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati, sura ya 34, mstari wa 10. Ni habari za mfalme Yosia. Fedha zimekusanywa, zinakabidhiwa kwa mafundi wanaokarabati hekalu. Kazi ya mafundi wale, kuziba palipobomoka na kuimarisha palipolegea, ndiyo iliyoitwa "botch". Hakuna lawama hapo hata chembe. Mistari miwili mbele, andiko lenyewe linasema watu hao waliifanya kazi yao kwa uaminifu.

Haikupita hata miaka 200, neno hilohilo likawa na maana ya kukarabati hovyo, kisha ya kuharibu kabisa. Imekuwaje neno la fundi mwaminifu wa hekaluni likageuka tusi?

Sehemu kubwa ya jibu, kwa maoni yangu, imo katika namna kazi za mikono zilivyogawanywa mijini huko Uingereza. Chukua viatu. London ya zama za kati ilikuwa na makundi mawili ya mafundi viatu. Walioshona viatu vipya kwa ngozi mpya waliitwa "cordwainers", jina linalotokana na mji wa Córdoba wa Hispania uliosifika kwa ngozi nzuri. Chama chao kilikuwa na heshima na mamlaka, na mwaka 1439 kilipata hati ya mfalme. Kundi la pili ni "cobblers", waliotengeneza viatu vilivyochakaa. Hawa waliwekewa mipaka: wabaki na viatu vikuukuu na ngozi kuukuu, wasiingilie kazi ya wenzao. Anayeunda kipya akawa fundi, na anayekarabati akahesabiwa kama nusu fundi. Kitenzi "cobble" kikabeba dharau hiyo, na hadi leo serikali ya mseto iliyoungwaungwa harakaharaka husemwa kuwa ime-"cobble together".

Hali ilikuwa hivyohivyo kwa "tinker", mziba masufuria aliyezunguka kijiji kwa kijiji na zana zake. Kufikia karne ya 17 kitenzi chake kilikwishapata maana ya kuchokonoachokonoa kitu pasipo kukitengeneza.

Shakespeare aliijua dharau hii vizuri, akaichezea mbele ya watazamaji. Katika onyesho la kwanza la Julius Caesar, tamthilia ya mwaka 1599, viongozi wawili wa Roma wanawasimamisha wafanyakazi barabarani na kuwahoji kazi zao. Mmoja anajibu kuwa yeye, akilinganishwa na fundi hodari, ni "cobbler" tu. Mkubwa anakasirika na kumtaka ajibu moja kwa moja, kwa sababu neno lile lilimaanisha mtengeneza viatu na pia mtu yeyote anayeboronga kazi. Mtu wa kawaida ametaja kazi yake halali, na aliyemzidi cheo amesikia kama anajitukana au anamfanyia mzaha. Utani wote umesimama juu ya jambo hilo. Katika tamthilia nyingine ya mwandishi huyohuyo, Twelfth Night, "botcher" bado ni fundi wa kutia viraka nguo, lakini tayari anatajwa kwa kejeli.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu wanaonyanyaswa na maneno hayo ni mafundi waliowahudumia maskini. Tajiri alinunua kiatu kipya. Aliyekuwa na jozi moja tu ndiye aliyehitaji "cobbler".

Neno lenye historia nzito kuliko yote, kwangu mimi, ni "shoddy". Leo ni kivumishi: kitu hafifu, cha ovyo, kisichodumu. Lakini lilianza kama nomino, jina la bidhaa halali kabisa. Mwaka 1813, wakati vita vya Napoleon vikiendelea na sufu ikiwa ghali, Benjamin Law wa Batley, katika jimbo la Yorkshire, alifanikiwa kuchambua matambara ya sufu, kuyarudisha kuwa nyuzi, kuyachanganya na sufu mpya, kisha kuyasokota na kufuma kitambaa. Nyuzi zilizopatikana kwenye nguo laini ziliitwa "shoddy". Zile za nguo nzito zilizobana zikaja kuitwa "mungo". Miji ya Batley na Dewsbury ikakua juu ya biashara hii. Matambara yaliletwa kutoka pande nyingi za Ulaya na kuuzwa kwa mnada. Wanawake ndio waliokuwa wengi katika kazi ya kuchambua: kutenga kwa rangi na aina, kung'oa vifungo, kukata mishono. Halafu tambara linaingia kwenye mashine yenye meno, linararuliwa hadi linakuwa nyuzi. Vumbi lake lilikuwa kali kiasi kwamba wafanyakazi walipata homa iliyopewa jina la kitambaa chenyewe.

Kitambaa hicho kilitoa mablanketi na makoti mazito kwa watu ambao sufu mpya ilikuwa nje ya uwezo wao. Udhaifu wake ni mmoja: nyuzi zilizoraruliwa ni fupi, hivyo zinahitaji kuchanganywa vya kutosha na sufu mpya ndefu ili zishikamane.

Hapo ndipo udanganyifu ulipopenya. Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza Marekani, na upande wa Kaskazini ukahitaji sare nyingi mno kwa muda mfupi. Baadhi ya wazabuni walipeleka sare za kitambaa kilichogandamizwa tu kikang'aa kwa nje, bila sufu mpya ya kutosha ndani. Zilipopata mvua na mwendo wa siku chache, zikawachanikia askari mwilini. Magazeti yakalishika jina "shoddy", likawa kivumishi cha kila kitu kibovu, na matajiri wapya wa zabuni za vita nao wakabatizwa jina hilo.

Ona lawama ilivyohama. Aliyekosa ni mzabuni. Lugha ikakilaumu kitambaa, pamoja na mji na wafanyakazi waliokitengeneza ipasavyo. Tanzania ina neno linaloelekeza kidole pale panapostahili: kuchakachua, lililovuma kwa habari za mafuta ya magari kuchanganywa na mafuta ya taa. Ukisikia limechakachuliwa, unajua kuna aliyechakachua. Na teknolojia yenyewe ya Batley haikufa. Panipat, nchini India, inaendelea kurarua nguo za sufu zilizotupwa huko Ulaya na Amerika na kuzifanya mablanketi ya bei nafuu, yakiwemo ya misaada ya dharura.

Linganisha na "blunder". Asili yake ni lugha za Skandinavia, na limefungamana na wazo la kufumba macho na kwenda bila kuona. Tarehe 25 Oktoba 1854 huko Balaclava, katika rasi ya Crimea, wapanda farasi wa Uingereza wapatao 670 walipelekwa mbele ya mizinga ya Warusi kwa amri iliyoeleweka vibaya. Wiki chache baadaye mshairi Tennyson aliandika kwamba kuna mtu alikosea, na kitenzi alichochagua ni "blunder". Ndivyo Kiingereza kinavyoelekea kufanya hadi leo: jenerali na waziri hupewa "blunder", kosa la uamuzi, hata watu wakifa, fundi bomba hupewa "botch".

Kwa hiyo mfasiri asikimbilie "boronga" kila mara. "Blunder" ni kosa kubwa la uamuzi. "Botch" ya fundi aliyeharakisha ni kulipua kazi, lakini "botched operation" hospitalini iandikwe upasuaji uliofanywa vibaya, kwa kuwa kulipua kunadai kwamba daktari hakujali, na huenda habari yenyewe haikusema hivyo. "Bungle" ndiyo inayokaribiana zaidi na kuboronga. "Shoddy" ni hafifu au ya ovyo.

Tahadhari moja kwa wanaoandika Kiingereza cha ofisini: "snafu", ambalo siku hizi hutokea hata magazetini, ni kifupisho cha askari wa Marekani wa miaka ya 1940, na moja ya herufi zake inawakilisha tusi la nguoni. Barua ya kumwomba mteja radhi isilitumie. "Error" au "mistake" yanatosha.