Drubbing: kipigo kilichoanzia nyayoni

Magazeti ya michezo ya Uingereza yana neno lao kwa timu iliyofungwa vibaya: "drubbing". Kufungwa 2-1 hakuhesabiki, hata mashabiki wakilia. Lazima mtu adhalilishwe, kama Brazil walipokula 7-1 za Ujerumani mwaka 2014, tena kwao, Belo Horizonte. Au Simba mbele ya Yanga, Novemba 2023, 5-1. (Wanasimba mtaniwia radhi.)

Kitenzi chenyewe ni "drub", na mwanzoni hakikuhusu mpira wala vita. Tunakikuta mwaka 1634 katika kitabu cha safari cha Thomas Herbert, Mwingereza aliyefika Uajemi na ujumbe uliotumwa kwa Shah Abbas. Kwake yeye na kwa wasafiri wengine wa zama hizo, "drub" ni adhabu: mtu analazwa, miguu inainuliwa, nyayo zinachapwa fimbo. Mifano ya mwanzo kabisa, hadi miaka ya 1660, inatoka kwa watu waliozuru nchi za Mashariki.

Ndiyo maana wengi tunaofuatilia asili za maneno tunatazama Kiarabu: dharaba, kupiga, dharb, pigo. Mswahili hahitaji kubembelezwa hapa, maana dharuba yetu imechipuka kwenye mzizi huohuo. Na "darb" kugeuka "drub" si ajabu kwa Kiingereza, lugha yenye mazoea ya kuihamisha r: "bird", yaani ndege, zamani liliandikwa "brid".

Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, alilipeleka neno hili Denmark. Simfuati. Neno la kaskazini lingeanza kusikika kwa majirani wa kaskazini, si kwa watu waliotoka kuona wenzao wakichapwa nyayo Mashariki. Hata hivyo huo ni ushahidi wa mazingira tu, na kamusi makini bado zinaandika "huenda".

Kutoka nyayoni neno lilipanda likawa kipigo cha mwili mzima, kisha kushindwa vibaya kwa namna yoyote, na fimbo ikasahaulika. Kiswahili cha viwanjani kimepita njia hiyohiyo: timu inachapwa, inatandikwa, inanyukwa, wala hakuna aliyeguswa. Kwa anayetafsiri habari za michezo, ningechagua "kipigo cha mbwa koko". "Dharuba" ni ndugu wa damu, lakini msomaji wa leo atadhani mechi iliahirishwa kwa mvua na upepo.